Kitenge Kinapoishia Gotini

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo haijawahi kuniacha. Hunijia nikichambua maharage, hunijia kanisani katikati ya sala, na ikija, kitu cha kwanza ninachokiona ni dari. Dari nyeupe ya chumba kimoja cha hospitali, kule Mbarara, yenye doa la maji la rangi ya chai. Chini ya doa hilo nimelala mimi, msichana wa miaka kumi na minne, nimekamata pindo la kitenge changu kwa mikono miwili kana kwamba kuna mtu anataka kuniibia.

Wewe unayekwenda Mbarara kusomea utabibu, hebu kaa kidogo. Najua una haraka. Vijana wa siku hizi mnazaliwa mmeshachelewa. Lakini magoti utakayoyashika huko ni mengi kuliko sahani utakazolia chakula, na mimi nina neno juu ya goti ambalo sitaki nizikwe nalo. Kaa.

Wakati huo tulikuwa bado wageni hapa Nakivale, kambini kwa wakimbizi. Tulitoka Kivu ya Kusini, mama, mimi na wadogo zangu. Baba alibaki nyuma na habari zake hazikutufikia tena. Tulipewa kiwanja, tukajenga nyumba ya udongo, tukalima mahindi na maharage kama kila mtu. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka ziwani ukafunika vilima vyote, na nilipokuwa naenda kuchota maji nilitembea ndani yake nikisikia watu bila kuwaona. Mmoja anakohoa, mwingine anacheka, ng'ombe analia mahali fulani, na mimi sijui ni mbele au nyuma. Nilizipenda asubuhi zile. Ndani ya ukungu hakuna aliyeona jinsi nilivyoanza kuchechemea.

Maumivu yalianzia gotini, goti la kushoto, upande wa ndani. Mwanzoni yalikuja na dumu la maji na kuondoka na usingizi. Baadaye yakakataa kuondoka. Kisha mguu wenyewe ukaanza kugeuka, unyayo ukawa unatazama pembeni, na watoto wa jirani wakaniita bata. Nilicheka nao. Ukichekwa na watu wengi ni afadhali ucheke pia, angalau upate sehemu yako.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Goti liliuma kweli, sikusema uongo. Lakini palikuwa na maumivu mengine madogo, ya asubuhi asubuhi, juu kabisa ya paja, pale kinenani. Hayo sikumwambia mtu. Kwetu, goti la mwanamke ndilo mpaka. Ukikaa mbele za watu, kitenge kinafika gotini na mkono unakaa juu ya pindo. Kilicho juu ya hapo ni cha mume wako na cha mkunga, basi. Hakuna aliyenifundisha jambo hilo kwa maneno. Nilimwona mama akifanya, naye alimwona mama yake, na bila shaka Hawa alipotoka bustanini alikuwa anavuta majani yake kuelekea chini. Kwa hiyo nikiulizwa panapouma nilisema gotini, kwa kuwa goti lilikuwa linatajika.

Kliniki yetu ilikuwa na musawo, ndivyo watu wa Uganda wanavyomwita mganga wa hospitali, nasi tukafuata. Kijana mpole, mwenyeji wa Isingiro. Alilitazama goti langu mara nyingi. Alilikunja, akalinyoosha, akalibonyeza, akanipa dawa ya kuchua na vidonge, na kila mara akaniambia kwa masikitiko kwamba haoni kitu. Mama alikuwa amekaa pembeni na mwavuli mapajani mwake, akimtazama mikono. Wewe ungethubutu kuomba kitenge kipandishwe? Simlaumu. Alichunguza vizuri sana sehemu yote aliyoruhusiwa kuichunguza.

Na musawo akishasema haoni kitu, watu wote huanza kuona. Pale Misiera madukani, ukienda kununua chumvi unarudi na chumvi na ugonjwa mpya. Mmoja alisema nakua haraka mno. Mwingine alisema ni upepo umeingia kwenye mfupa. Mwanamke mmoja, Mungu amrehemu, alisema ni uvivu wa kuchota maji, na alisema kwa sauti ili nisikie. Mwishowe baba mdogo, ndugu wa baba yangu, aliyekuwa akitusimamia, akaja na habari njema. Kule Oruchinga yuko mzee anayeunga mifupa. Alikuwa mtu wa kweli, usidhani ni tapeli. Mikono aliyoiunga ilikuwa inalima. Alipoelezwa juu yangu alisema huo mguu umepinda tu, atakuja Jumamosi auvute mpaka unyayo utazame mbele kama wa watu wengine.

Mama alifurahi. Mimi pia nilifurahi, nakwambia ukweli, maana nilichoka kuwa bata.

Musawo alipopata habari hizo hakufurahi. Alikuja mwenyewe mpaka nyumbani, akasimama uani akizungusha kofia mkononi.

"Mama, mimi sikatai mzee," alisema. "Lakini kabla hajavuta, wacha Mbarara waone kwanza. Alhamisi gari yetu nakwenda. Nafasi iko."

Mama alifikiri muda mrefu. Kisha akakubali, kwa sharti moja: Ijumaa tuwe tumerudi, kwa kuwa shemeji yake ameshatoa neno, na mzee wa watu hawezi kufunga safari kutoka Oruchinga akute nyumba tupu.

Safari yenyewe naikumbuka kama mtu anavyokumbuka usingizi. Migomba, migomba, halafu ng'ombe wenye pembe ndefu kuliko mikono yangu wamesimama barabarani bila habari na mtu, halafu bega la mama likinukia moshi na sabuni. Nilisinzia, nikaamka tukiwa kwenye foleni.

Daktari tuliyepangiwa aliitwa na wagonjwa Mama Polepole, wala hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Foleni yake haikusogea. Alikuwa mwanamke mzee wa Kinyankore, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Kiswahili alikipata utotoni kambini, baba yake akiwa askari, kwa hiyo hata akikubembeleza ilikuwa kama anakupanga mstari.

"Wewe mutoto, tembea mupaka dirisha," alisema tulipoingia, kabla sijakaa. "Rudi. Tembea tena."

Nikatembea. Hakulitazama goti hata kidogo. Alinitazama mabega, kiuno, visigino, akanitazama kwa nyuma kama mtu anayechagua ndama sokoni. Kisha akanipandisha kitandani, akaenda kunawa mikono kwa maji ya moto ya chupa ya chai, akaikausha, akaisuguasugua. Nilistaajabu. Baadaye alinieleza kwamba mkono wa baridi hausikii joto la ugonjwa vizuri, tena unamfanya mgonjwa ajikaze, na msuli uliojikaza hauna ukweli.

Akasimama miguuni pa kitanda, akayatazama magoti yangu yote mawili, pamoja, bila kuyagusa. Alisimama hivyo mpaka mama akaanza kukohoa. Halafu akaanza na goti la kulia, lile zima.

"Docteur," mama akasema, "ni ya kushoto ndiyo inauma."

"Najua, nyabo," alisema, ndivyo wanavyomwita mwanamke kwa heshima kule. "Lakini hii ya kulia naniambia yeye alikuwa namna gani mbele ya ugonjwa."

Aliweka mgongo wa mkono wake juu ya goti moja, kisha juu ya lingine, akilinganisha joto. Akateremsha kiganja kutoka juu kidogo ya goti kuja chini, akakusanya maji kama yapo, akaibonyeza pia ya goti, kile kifupa cha mbele, kwa kidole kuona kama inaelea. Haikuelea. Akapitisha kidole gumba kwenye ule mfereji mdogo wa pembeni ambapo mfupa wa paja unakutana na muundi, pole pole, hatua kwa hatua, macho yake yakiwa usoni kwangu na si gotini. Akashika kifundo na kulisukuma goti kwa upande huu na upande ule, kuona kama kamba zake zimelegea. Akalikunja, akakalia unyayo wangu kwa upole, akavuta muundi kuja kwake na kuurudisha. Akalikunja tena akiwa ameweka kiganja juu yake, amefumba macho, anasikiliza.

Mwanangu, sijui nikuelezeje. Nilikuwa nimeshikwa goti hilo na watu wengi, wakalibonyeza, wakalichua, wakalichanja hata. Lakini hapo ndipo kwa mara ya kwanza niliona linaulizwa. Chumba kilikuwa kimya, mwanga wa dirisha umelala juu ya shuka, na mikono ile ya joto ilikuwa inakwenda na kurudi mpaka macho yangu yakaanza kujifumba. Nilitamani asimalize.

"Goti hii mimi naulizia yote," alisema mwishowe. "Yeye najibu, mimi mzima. Mimi naamini yeye."

Mama alikunja uso. "Mzima namna gani, na mutoto analia kila siku?"

"Ndiyo. Goti nalia. Lakini kwa matanga, nyabo, si kila mutu nalia ndiyo mwenye maiti. Jirani pia nalia." Akanigeukia. "Sasa mimi nataka ona nyumba ya juu."

Akagusa pindo la kitenge. Nikalikamata. Na kabla hata sijakamata sawasawa, mkono wa mama ulikuwa umeshafika na kulivuta chini.

"Hapana, docteur. Huyu ni mutoto mwanamuke. Kwetu hatufunulake batoto namna hii. Goti ndiyo hii hapa, angalia fasi inauma."

Daktari akangoja, akajaribu tena. Mama akavuta tena. Wanawake wawili wazima wakavutana kitenge juu yangu kimya kimya, kwa heshima zote, na mimi katikati natazama doa la chai darini, nikiomba litapakae chumba kizima linifunike.

Wengi wangechoka hapo. Foleni nje ilikuwa inanung'unika. Daktari mwenye hasira angefoka, na sisi tungefunga mizigo yetu tukarudi Nakivale kumsubiri mzee wa Oruchinga. Mama Polepole hakufoka. Aliuliza tu kama mama ana kitenge kingine. Mama akafungua furushi, akakitoa.

"Shika hii kwa mulango, nyabo. Hata nzi hapana ingia."

Mama akakitandaza mlangoni, mikono juu, akiwa ametuelekezea mgongo. Kisha daktari akachukua kitenge nilichovaa, akapitisha pindo la nyuma katikati ya miguu yangu, akalipandisha mbele na kulichomeka kiunoni, vile wanawake wanavyofunga wakiingia bondeni kukata mafunjo. Nikawa nimefunikwa kila panapostahili kufunikwa, na bado miguu yote miwili ikawa huru. Nilijitazama. Paja langu la kushoto lilikuwa jembamba kuliko la kulia, nami nilikuwa nimekaa na jambo hilo ndani ya kitenge changu bila kuliona, au bila kutaka kuliona.

Akaanza tena na upande mzima. Akalikunja paja la kulia kuelekea tumboni, likaja moja kwa moja. Akausogeza unyayo nje, na paja likazunguka kwa ndani bila ubishi. Kisha akaja kushoto. Paja lilipopanda halikuja tumboni. Lilikwenda pembeni lenyewe, bila mtu kulisukuma, na alipojaribu kulizungusha ndani kidogo tu, lilikataa. Nilishika pumzi. Aliona usoni kwangu kabla sijatoa sauti, akaacha papo hapo.

"Wapi nauma?"

"Goti."

"Na wapi tena?"

Sikujibu. Naye hakuuliza mara ya pili. Aliweka kiganja chake juu ya goti langu na kukaa tu, kama mtu aliyepumzika njiani. Nje mgonjwa mmoja alibisha mlango, mama akamjibu kwa ukali kutoka nyuma ya kitenge. Daktari hakugeuka. Kimya kile kilinizidi nguvu. Ulimi wangu haukuweza, lakini mkono uliweza: niliushika mkono wake, nikaupandisha, nikauweka kinenani.

"Bambi," alisema, ndiyo pole ya kwao. "Tangu lini?"

"Tangu mahindi yalipovunwa."

"Na wewe nanyamaza?"

"Niliona haya."

Akavua miwani, ikaning'inia kwenye uzi wake. Hapo ndipo aliponikemea, mwanangu, na sijapata kukemewa hivyo tena, kwa sauti ya chini na bila kuondoa mkono.

"Sikia. Haya ni kitu muzuri. Nachunga wewe kwa barabara, nachunga wewe kwa soko. Lakini kwa mulango hii, haya nabaki inje pamoja na mwavuli ya mama. Ugonjwa napenda sana mutu ya haya. Nakula yeye taratibu, na yeye nasema asante."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu nikiwa mgongoni, na kila nilipolisikia nilidhani linawahusu wazee wenye vidonda. Nililia. Nililia kwa aibu, nikalia pia kwa raha, kwa kuwa sasa tulikuwa wawili tunaojua.

Tulipigwa picha ya mifupa, na picha ikasema yale uliyoyasema mkono wake. Kichwa cha mfupa wa paja, pale juu nyongani, kilikuwa kimeteleza kutoka mahali pake. Hutokea kwa watoto wanaokua, bila kuanguka wala kupigwa. Mshipa wa fahamu unaopita nyongani ndio huo huo unaoshuka gotini, kwa hiyo nyonga ikiumia goti ndilo linalopiga kelele. Na mguu ulikuwa unatazama nje kwa sababu mfupa wenyewe ulikuwa umegeuka.

Mama Polepole alimkalisha mama kwenye kiti, akamweleza. Nisikanyage chini tena, hata hatua moja. Nipasuliwe, mfupa ushikwe na chuma usiteleze zaidi. Na yule mzee asinivute. "Kama yeye navuta mguu hii, mufupa nakufa. Mutoto hatembei tena maisha yake."

Machozi yalimtoka mama bila uso wake kubadilika, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu siku tuliyovuka mpaka.

"Docteur, munasema goti ni mzima. Na miye namuona, goti ndiyo inauma. Sasa munataka kutia chuma mu mwili ya mutoto mwanamuke. Nani atamuoa? Na shemeji yangu nitamuambia nini? Tunakwenda ku nyumba. Yule muzee ni mutu yetu, anatujua."

Akasimama, akaanza kukunja kitenge chake. Niliona kabisa anaondoka nami. Nilijua sasa kilichonisubiri Jumamosi, na bado nisingeweza kumpinga mama mbele ya mgeni. Nikafumba macho.

Daktari hakubishana naye. Hakumwambia amesoma wapi, hakumwambia nyinyi watu wa kambi hamjui kitu. Alimshika mikono yote miwili, mikono ile ya jembe, akaipeleka kwenye maji ya moto, akaiosha kama vile anamwosha mtoto, akaikausha. Kisha akamleta kitandani.

"Mimi hapana omba wewe amini mimi. Sikia na mikono yako. Anza na hii mzima."

Mama aliupokea mguu wangu wa kulia. Daktari akamwonyesha namna ya kushika goti na kisigino, mama akalikunja paja, akausogeza unyayo, paja likazunguka. Alifanya tena. Halafu akaja kushoto.

"Pole pole sana. Kama nakataa, wewe wacha."

Niliona uso wa mama ukiwa juu yangu, karibu, kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mdogo na homa. Alilikunja paja. Lilikwenda pembeni. Alilirudisha, akajaribu tena kwa upole zaidi, nalo likamkatalia. Akaacha. Aliushusha mguu ule kitandani taratibu, kisha akaweka kiganja chake juu ya paja langu, juu kabisa ya mahali ambapo pindo la kitenge huishia, mahali ambapo hakuwa amenigusa tangu alipoacha kuniogesha.

"Mutoto wangu," alisema. "Miye nilikuwa nafunika ugonjwa na mukono yangu mwenyewe."

Akamgeukia daktari. "Mufanye. Shemeji nitamuambia miye."

Siku zilizofuata zimechanganyika. Nakumbuka dari nyingi zikipita juu yangu, moja baada ya nyingine, na sauti ya magurudumu. Nakumbuka kuamka na kiu. Baadaye tulikaa kwa mama mmoja wa kanisa, kule Kakiika, pembeni mwa mji wa Mbarara, chumba cha nyuma ya zizi, nikijifunza magongo. Mvua iliponyesha migomba yote iliongea kwa pamoja, na ng'ombe walinitazama nikipita uani mbele yao, kwenda na kurudi, kwa macho yale yao ya kutoharakisha mtu. Nilikuwa na miezi mingi ya kufikiri. Labda ndiyo maana naongea sana uzeeni.

Baba mdogo alikasirika, kisha akapoa. Tuliporudi nyumbani, aliyekuja kuniona ni yule mzee wa Oruchinga mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda, akaomba mama amwonyeshe jambo alilolisikia mkononi, na mama, kwa kuwa mguu wangu ulikuwa bado haujapona, akamwonyesha kwa mguu wa mdogo wangu. Mzee alilizungusha paja la mtoto yule kwa muda mrefu.

"Ningevuta," alisema. "Kwa moyo mweupe kabisa, ningevuta."

Tangu hapo, nilisikia, hakuwahi kuvuta mguu wa mtoto kabla ya kulizungusha paja kwanza, na likimkatalia alimtuma mtoto hospitali. Mtu wa umri wake kukubali kujifunza jambo jipya, hiyo nayo ni elimu, usiidharau.

Sikimbii, mwanangu. Mguu wa kushoto ni mfupi kidogo, na nikitembea utasema nina jambo la kuiambia ardhi kila hatua ya pili. Lakini nilitembea kwenda shule, nilitembea siku ya harusi yangu, maana niliolewa, na chuma changu ndani. Nikasomea kazi ya mazoezi ya viungo, na tangu hapo nimeyashika magoti ya kambi hii, ya Warundi na Wakongo na wenyeji, magoti ya kulima na magoti ya kusali, mpaka sasa yangu nayo yamekuwa ya kushikwa.

Basi chukua neno langu. Ukiletewa goti, mtazame kwanza mwenye goti. Mwone akitembea. Pasha mikono yako. Anza na mguu usiouma, kwa kuwa huo ndio utakaokwambia ule mwingine ulivyokuwa. Macho yako yakae usoni mwake, maana uso husema kabla ya mdomo. Na goti likikwambia ni zima, liamini, lakini usiamini kwamba mgonjwa hana kitu. Panda juu, shuka chini, mtafute mwenye msiba. Mtoto mwenye goti linalouma na wewe hujaizungusha nyonga yake, hujamchunguza, hata kama umelibonyeza goti tangu asubuhi.

Na desturi za watu usizikanyage. Usizicheke, usizivue kwa nguvu. Mama yangu hakuwa mjinga, alikuwa analinda kitu pekee tulichovuka nacho mpaka. Tafuta namna ya kufunga kitenge ili heshima ibaki na mguu upate kusogea. Namna ipo siku zote. Ukiikosa, ni kwa sababu ya haraka, na haraka haraka haina baraka, wala haina uchunguzi.

Nawe utakapokuwa upande wa kitandani, maana hakuna daktari asiyelala kitanda hicho siku moja, usinyamaze. Mficha uchi hazai. Sema panapouma hata kama pana aibu, na ulimi ukishindwa, tumia mkono.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu wa waliovuka na wa waliowapokea akutangulie. Akupe mikono ya joto na masikio yasiyochoka. Akunyime umaarufu ikibidi, lakini asikunyime subira. Na siku utakapoulizwa panapouma, nawe ushindwe kujibu, akupe mtu wa kungoja.